Bukari yetu inakunywa maji ya nani?

Hapa Kampemba tuko wengi wenye kununua bunga yenye kupita Kasumbalesa. Kila mara tunauliza bei tu. Leo tuulize pia: ili mfuko wa kilo 25 ufike jikoni, ni nchi gani imetoa maji, udongo na miti?

Wataalamu wanahesabu kwamba kilo 1 ya mahindi, kwa wastani wa dunia, inaomba maji lita 1,200 hivi, na mengi ni ya mvua. Mfuko mmoja basi ni lita 30,000. Tungeyachota kisimani, ni bidoni 1,500 za lita 20! Mvua hiyo imenyesha Zambia. Miti ya miombo inayokatwa ili mashamba yapanuke, na udongo unaochoka, vinabaki kule. Sisi tunapokea bunga nyeupe tu.

Hatuko peke yetu. China inanunua soya ya Brazil kwa kulisha nguruwe na kuku, na pori linafyekwa Brazil. Ulaya nayo ilitunga sheria mwaka 2023 ya kukataa kahawa, kakao na mawese ya mashamba yaliyokatwa msituni baada ya 2020.

Lakini shida ya jirani inafika kwetu. Mwaka 2024 mvua ilikatika Zambia. Mwezi wa pili Rais Hichilema alitangaza janga la taifa. Karibu nusu ya mashamba ya mahindi iliharibika. Tunakumbuka bei za mwaka ule: nyumba zilizokula mara moja kwa siku, na watoto waliosinzia darasani asubuhi.

Basi tukatae mahindi ya Zambia? Hapana, watoto wetu wangelala njaa. Na tukichoma pori letu lote ili tulime, tutaongeza uharibifu kwetu, wakati makala tayari yamesukuma miombo mbali na mji.

Tufanye yale tunayoweza. Tuchanganye bunga ya mihogo katika bukari. Majani ya kiwanja tusiyachome, tuyaozeshe yawe mbolea. Tupande maharagwe kati ya mahindi. Mbegu tuzinunue kwa kikundi, kabla mvua haijaanza.

Kikundi chenye shamba kilete habari zake kwenye mkutano ujao, nasi tupate kujifunza.