Mzani wa Kahawa Ulivyonirudisha Darasani

Mhariri ameniomba niwaeleze wanafunzi, pamoja na wenzangu tuliomaliza zamani, jinsi mtu atengenezaye programu za simu na kompyuta anavyoendelea kujifunza baada ya kutoka shuleni, na fikira mpya huzipata wapi. Nilikubali upesi, kisha nikakaa siku tatu na kalamu mkononi. Nimeona afadhali nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita chama kimoja cha wakulima wa kahawa, huku milimani juu ya Kisinga, kilinitaka nikitengenezee programu ya kuandika uzito wa kahawa ya wanachama. Wasomaji wa kwetu waijua kazi yenyewe. Mkulima huchuma buni mbivu, huzileta siku ile ile zimenywe, zichachuke, zioshwe na kuanikwa, kwani zikilala katika gunia huharibika. Karani hupima na kuandika katika daftari, na malipo huja baadaye. Daftari lile lilikuwa limeraruka na kulowa mvua, na kila msimu hesabu zake zilileta ugomvi. Mimi nilikuwa nimetoka Kampala kusoma mambo ya kompyuta, nikaona kazi hii ni ndogo mno. Niliimaliza kwa majuma matatu, nyumbani, mlango umefungwa. Kila nyumba niliipa namba moja, jina moja la mwenye nyumba, na namba moja ya simu ya kupokelea fedha.

Sikujua kwamba katika daftari lile lililoraruka karani alikuwa akiziandikia nyumba nyingi kurasa mbili: ukurasa wa shamba la nyumba, na ukurasa wa mama, kwa kahawa ya miti yake mwenyewe. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Karani alijua tu, kwa kuwa alizaliwa pale. Programu yangu ilizijumlisha kurasa zote mbili, na siku ya malipo fedha zote zikaingia katika simu za wanaume. Baadhi yao waliwapa wake zao haki yao, wengine hawakuwapa. Mama mmoja alikuwa ameitegemea kahawa yake kwa karo ya binti yake wa kidato cha tatu. Shule zilipofunguliwa binti yule alibaki nyumbani majuma matano.

Mama yule hakunitukana. Alikuja na daftari la zamani chini ya kwapa, akalifungua mbele yangu, akauliza, "Mwanangu, ukurasa wangu uko wapi humo ndani ya simu yako?"

Chama kilikata sehemu ya ujira wangu ili karo ilipwe, nami niliona ni haki. Lakini swali la mama lilinisumbua kuliko ile hasara, maana nilikuwa nimepata alama nzuri katika mitihani yote, na hakuna mtihani hata mmoja ulioniuliza jambo kama hilo.

Hapo nikakumbuka kibanda cha simu cha shangazi yangu, pale Bwera. Kabla ya fedha za simu kuletwa Uganda na MTN mwaka 2009, watu walikwisha kuvumbua njia yao ya kupelekeana fedha. Kijana aliyeko Kampala alinunua kadi ya kukwangua, lakini hakuitia katika simu yake. Alimpigia shangazi, akamsomea tarakimu za kadi. Shangazi alizitia katika simu yake ya kibandani, akapata muda wa kuzungumza wa kuwauzia wateja, kisha akampa mama wa kijana yule fedha taslimu, baada ya kujitolea ujira wake kidogo. Kwa kadi ya shilingi 10,000 mama alipokea 9,000 hivi. Jambo hili lilifanywa katika sehemu nyingi za Uganda, na hata wataalamu wa makampuni ya ng'ambo walikuja kulichunguza. Mimi nilikuwa mtoto nikiifagia sakafu ya kibanda kile, na sikuona ajabu yoyote. Mashine ilikuwa mbele yangu, nami nikadhani mashine ni ile simu tu.

Jirani zetu wa Kenya wana kisa kinachofanana na hicho, na chafaa kukisoma vizuri. Mwezi wa Oktoba mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu M-Pesa kwa wateja wapatao 500, katika Nairobi na Thika. Nia yao haikuwa kupeleka fedha nyumbani. Walitaka watu waliokopa fedha kidogo za biashara waweze kulipa madeni yao kwa simu. Wakati wa majaribio watengenezaji walikaa wakitazama watu wanavyokitumia chombo kile, wakastaajabu. Watu walikuwa wakipelekeana fedha wao kwa wao, na wengine walizitia fedha katika simu kabla ya safari, ili wazitoe wafikapo. Mtengenezaji mwenye kiburi angesema kuwa wateja wamekosea, awafundishe upya. Wale waliigeuza kazi yao. M-Pesa ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, ilitangazwa kuwa ni njia ya kutuma fedha nyumbani.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sehemu kubwa ya lile tunaloliita ubunifu. Watu wengi hufikiri kwamba fikira mpya hushuka kwa mtu aliyejifungia peke yake. Labda kwa watunga mashairi. Kwa sisi watengenezaji, mara nyingi fikira imekwisha kuwako, imo katika mikono ya mtu fulani anayejisaidia kwa kamba na ukucha, naye haiiti fikira.

Basi nilirudi kwa karani, safari hii bila kompyuta. Nilikaa karibu na mzani wake msimu mzima, nikiandika kila alichokifanya ambacho hakikuwamo katika programu yangu. Nilijaza daftari la kurasa 96. Niliona kwamba akina mama wengi hawakuwa na simu, bali walikuja na kipande cha karatasi chenye alama yao. Niliona pia kwamba wenye simu hawapendi kupoteza fedha kwa kuuliza uzito wao. Humbipu karani, naye huwapigia. Kwa hiyo programu ya pili ilimpa kila mchumaji ukurasa wake, awe na simu au asiwe nayo, na asiye na simu alipewa kadi yenye namba. Mwenye simu hubipu mara moja, kisha hupokea ujumbe mfupi wenye kilo zake. Sikuvumbua lolote katika hayo. Niliyakuta kwenye foleni.

Elimu ya vitabu nayo haina kikomo. Lugha ya kompyuta niliyoifundishwa kwanza ilikuwa ya simu ndogo za vibonye, na kabla sijaizoea vizuri, watu walikwisha kuhamia simu za kugusa kioo. Nililalamika mwaka mzima, kisha nikajifunza nyingine. Brian Gitta wa Uganda, aliyepata tuzo ya uhandisi ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2018, alikuwa mwanafunzi wa kompyuta Makerere. Lakini chombo chake cha kupima malaria bila kutoa damu hutumia nuru na sumaku, na mambo hayo hayakuwa katika masomo ya kompyuta. Hapana budi alikwenda kuwauliza waliojua.

Binti yule alimaliza kidato cha nne. Mama yake bado huleta kahawa, na kila msimu huutazama ukurasa wake kwanza kabla ya kunisalimu.

Sasa nina shida nyingine. Gunia lililolowa mvua lina uzito usio wa kahawa, na mkulima na karani hugombana juu ya kiasi cha kupunguza. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili ameniambia kwamba tuache magunia, tupimie kahawa katika kreti zenye matundu, maji yachuruzike kwanza. Tumezipata kreti nne. Mwenye kupenda kuja kutazama, sisi huanza kupima Jumamosi saa nane mchana, naye aje na daftari lake.