Utangulizi: Ukuta Huu Unamzuia Nani?

Mwaka 1895 Wabukusu walijifungia katika ngome za Lumboka na Chetambe, ndani ya kuta nene za udongo zilizozungushiwa handaki. Kuta hizo zilikuwa zimewafaa dhidi ya mikuki. Waingereza walipokuja na bunduki, ukuta ulikuwa ule ule, adui ndiye aliyebadilika. Msomaji wa Lwakhakha, Bungoma au Kitale pengine ameshaisikia habari hiyo nyumbani. Naanza nayo kwa sababu fani ninayomkaribisha, kinga ya mionzi katika vyumba vya tiba ya protoni, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: ukuta huu unamzuia nani?

Wengi hujibu haraka kwamba mionzi huzuiwa na risasi. Kwa chumba cha eksirei cha hospitali ya kaunti, ni kweli. (Kiswahili kina utani wake hapa: madini hayo na kile kilichowaua watu wa Chetambe vina jina moja.) Kwa protoni, jibu hilo halitoshi.

Protoni yenyewe ni mgeni mwenye adabu. Ikiwa na nguvu ya elektronivolti milioni 200 husafiri kama sentimita 26 ndani ya maji, ikiacha nguvu kidogo kidogo njiani, kisha humwaga fungu kubwa karibu na mwisho wa safari na kusimama. Mwaka 1946 Robert Wilson alipendekeza kwamba mwisho huo ulengwe kwenye uvimbe, na mwaka 1954 wagonjwa wa kwanza wakatibiwa Berkeley, Marekani. Barani kwetu, maabara ya iThemba iliyoko Faure, karibu na Cape Town, ilianza tiba hiyo mwaka 1993. Sasa, kama protoni husimama yenyewe, zege la unene wa mita mbili au tatu ni la nini?

Ni la watoto wake. Protoni ikigonga kiini cha atomi, kiwe cha shaba ndani ya mashine au cha kaboni mwilini, nyutroni huchomoka. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo hupita katikati ya elektroni kama mtu asiyedaiwa apitavyo mbele ya duka. Chukua gololi uirushe kwenye jiwe kubwa: itarudi na karibu mbio zake zote. Hivyo ndivyo nyutroni ya mwendo wa wastani inavyofanywa na risasi. Irushe ikagonge gololi mwenzake, nayo yaweza kusimama papo hapo, mwenzake akaondoka na mwendo wote. Gololi mwenza wa nyutroni ni kiini cha hidrojeni, maana uzito wao karibu unalingana, na hidrojeni imejaa kwenye maji.

Hapo ndipo fundi wa saruji anapokuwa mwanasayansi. Zege lililokomaa bado lina maji yaliyofungwa ndani ya saruji, na hayo ndiyo huichosha nyutroni. Zile zenye kasi kubwa zaidi, zinazokwenda mbele kufuata mwelekeo wa mwale wa protoni, huhitaji kwanza kuvunjwa nguvu na viini vizito, ndiyo maana baadhi ya wajenzi huweka chuma upande wa ndani na zege nyuma yake. Kwa hesabu ya mkono, kila mita moja ya zege hubakiza sehemu ya kumi ya dozi. Lengo ni kwamba mtu anayepita nje asizidishe milisivati 1 kwa mwaka.

Lakini makosa mengi hayatokei kwenye unene. Hutokea kwenye matundu. Bomba la nyaya lililonyooka kupitia ukuta wa mita tatu huwa barabara ya lami kwa nyutroni, kwa hiyo mabomba hupindwa, na njia ya kuingilia hujengwa kwa kona. Atakayetoboa ukuta baadaye kwa ajili ya kiyoyozi ajue anachotoboa.

Kuna jambo jingine wageni wa fani hii hulisahau: ukuta wenyewe hugeuka. Sodiamu iliyomo mchangani huwa sodiamu-24, ambayo nusu yake huisha kwa saa 15. Chembe za kobalti ndani ya nondo huwa kobalti-60, na nusu yake huchukua zaidi ya miaka mitano. Anayechagua nondo leo anamchagulia taka atakayebomoa.

Msomaji aweza kuniuliza protoni zinamhusu nini. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika, na baadhi ya wagonjwa wakavushwa mpaka kuja Nairobi. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Mashine ya kobalti kama ile nayo hukaa ndani ya kuta za zege, na hesabu za kuta hizo ni ndugu wa hizi. Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya 2019, na michoro ya kinga inahitaji macho ya watu wanaoielewa.

Asiyesoma fizikia ya chuo asiogope. Sura ya kwanza haina protoni hata moja. Inaanza na ndoo ya mchanga wa mtoni, mizani na kopo la maji.