Komba wa Miombo na Ugumu wa Kumpanga

Barani Afrika hakuna hata spishi moja ya asili ya masupiali, yaani wanyama wanaolea vichanga vyao mfukoni, ambao siku hizi hupatikana Australia, Guinea Mpya na Amerika. Lakini maisha ambayo masupiali wadogo wa mitini huishi huko, ya kuruka matawini usiku wakisaka wadudu na utomvu, katika misitu ya miombo ya kusini magharibi mwa Tanzania, kuanzia Tunduma na Momba hadi Mbozi, anayeyaishi ni komba, mnyama wa oda ya primati, ambamo nyani, kima na binadamu nao wamo.

Komba mdogo hufanana sana na masupiali aitwaye Petaurus breviceps: macho makubwa, mkia mrefu, hata mazoea ya kulamba gundi ya migunga. Ufanano huo hautokani na undugu wa karibu, bali na mahitaji yanayolingana, na uzazi huudhihirisha, kwa kuwa Petaurus hubeba mimba siku 16 hivi, kisha kichanga hukulia mfukoni kwa zaidi ya miezi miwili, ilhali komba hubeba mimba takriban miezi minne na kuzaa mtoto mwenye manyoya, ambaye mama humbeba kwa mdomo na kumwacha tawini anapokwenda kula.

Komba wote wamo katika familia ya Galagidae, iliyo karibu na lorisi wa Asia, na kisukuku cha jamaa yao kilichopatikana Misri kina umri wa takriban miaka milioni 37. Kuwapanga ndani ya familia hiyo ndiko kugumu, maana manyoya yao hufanana mno. Galago moholi, aliyeelezwa na Andrew Smith mwaka 1836, alihesabiwa kwa muda mrefu kuwa nususpishi ya Galago senegalensis, mpaka watafiti walipozingatia milio yao. Na kigezo hicho kina mantiki, kwani komba wenyewe hutambuana gizani kwa sauti. Komba mkubwa, Otolemur crassicaudatus, mwenye uzito unaozidi kilo 1, ni rahisi zaidi kumtambua, kwa kuwa hupenda kutembea juu ya matawi kuliko kuruka.

Mwaka 2017 baadhi ya komba wadogo wa mashariki mwa Afrika walihamishiwa jenasi mpya, Paragalago. Australia nako, mwaka 2020, Petaurus breviceps aligawanywa kuwa spishi tatu.