Shokapu za gesi: Nunua kwa nguvu, siyo kwa urefu

WAFANYABIASHARA wa vipuri wa Rahaleo, mjini Mtwara, wanaotaka kuweka dukani shokapu za gesi wanashauriwa kuangalia namba ya nguvu kabla ya urefu. Bidhaa hii, inayoinua milango ya nyuma na boneti za magari madogo, yaweza kumpa mwenye mtaji mdogo faida ya haraka au kumwachia mzigo usiotoka.

Gesi iliyomo si ile ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982. Ni naitrojeni, gesi isiyowaka, iliyoshindiliwa ndani ya silinda pamoja na mafuta kidogo. Gesi husukuma fimbo itoke. Mafuta hulainisha sili na kutuliza mwendo. Sili ikichoka, gesi huvuja, na shokapu nyingi za aina hii hazijazwi upya.

Nguvu huandikwa ubavuni kwa nyutoni, mathalani 300N. Nyutoni 10 ni takriban uzito wa kilo moja. Shokapu mbili za urefu mmoja zaweza kuwa moja ya 300N na nyingine 600N. Iliyo dhaifu itamwangushia mteja mlango kichwani. Iliyozidi nguvu itapinda bawaba.

Wenye vibanda vyenye dirisha la kufungukia juu nao ni wateja. Tuchukue dirisha la kilo 20, lenye kimo cha sentimita 80. Uzito wake hukaa katikati, sentimita 40 kutoka kwenye bawaba. Ikiwa dirisha lililofunguliwa limelala sawa na ardhi, na shokapu inasukuma kwa umbali wa sentimita 15 kutoka kwenye bawaba, hesabu ni 200N mara 40, gawanya kwa 15: takriban 533N. Kwa shokapu mbili ni 267N kila moja. Ongeza kidogo kwa usalama, chukua 300N.

Mnunuzi wa mitumba asiridhike kwa kuona fimbo inatoka. Asimamishe shokapu juu ya mizani, fimbo chini, aikandamize polepole. Ya 300N ionyeshe karibu kilo 30. Ikionyesha 20, aiache. Upimaji ufanyike asubuhi, kwani joto huongeza nguvu kwa takriban asilimia 3 kwa kila nyuzi 10, na jua la mchana huficha udhaifu.

Ukanda wetu una adui mwingine: chumvi ya bahari. Fimbo yenye kutu au mkwaruzo hukata sili, hata kama leo inasukuma vizuri. Kwa sababu hiyo fundi asiishike fimbo kwa koleo. Aifunge ikielekea chini mlango ukiwa umefungwa, ili mafuta yabaki kwenye sili, na abadilishe zote mbili kwa pamoja.

Shokapu iliyokufa isichomwe moto, isitobolewe wala kuchomelewa. Yaweza kulipuka.

Fedha za minada ya korosho huanza kuingia mitaani kuanzia Oktoba. Anayetaka kujaribu soko aanze na jozi chache za magari yanayoonekana zaidi mjini, aandike nguvu ya kila jozi kwenye daftari, na akatae mzigo wowote usio na namba.