Mkono wa Mtu: Paka, Jirani na Mvuto wa Riwaya ya Upelelezi Tulivu

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuiweka riwaya ya upelelezi katika fungu la fasihi pendwa, na mara nyingi neno hilo "pendwa" limetumiwa kama hukumu kuliko kama maelezo. Husemwa kwamba riwaya hizo husomwa kwa kupitisha wakati, kwamba wahusika wake ni bapa, na kwamba fumbo likishafumbuliwa hazina la ziada la kumwambia msomaji. Makala haya hayakusudii kuzitetea riwaya hizo zote. Yanakusudia kuchunguza tawi lake moja, ambalo tutaliita riwaya ya upelelezi tulivu, na kuuliza swali lifuatalo: kwa nini msomaji hupata utulivu kutokana na hadithi ya mauaji?

Kwa istilahi hiyo tunamaanisha riwaya ambayo mandhari yake ni mji mdogo au mtaa ambamo watu hujuana. Mpelelezi wake si askari, bali ni mtu wa kawaida mwenye macho na subira. Damu haimwagwi mbele ya msomaji. Na mwishoni mkosaji hutambuliwa, na maisha ya jamii hurejea mahali pake. Katika nchi za Magharibi tawi hili limezaa kizazi cha pekee ambamo paka ni mhusika mkuu. Tutamtumia paka huyo kama kipimo. Hoja yetu ni kwamba paka wa riwaya za kule ni shahidi, ilhali paka wa mitaa yetu ni mshukiwa. Na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayotuonyesha kazi halisi ya riwaya ya aina hii, yaani kumwondolea jirani tuhuma.

2.0 Paka kama Shahidi

Msingi wa tawi hili uliwekwa mapema. Agatha Christie alipomleta Miss Marple katika riwaya ya The Murder at the Vicarage (1930), alimfanya kikongwe wa kijiji cha St Mary Mead ambaye elimu yake yote ya uhalifu imetokana na kuwatazama majirani zake. Paka alikuja baadaye. Mwaka 1966, mwandishi wa Marekani Lilian Jackson Braun alichapisha The Cat Who Could Read Backwards, ambamo mwandishi wa habari aitwaye Qwilleran anakutana na paka wa Kisiamu, Koko. Baada ya riwaya tatu za miaka ya 1960, Braun alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akarudi mwaka 1986. Yafaa kuzingatia kwamba riwaya za mwanzo zilikuwa za jiji kubwa, na kwamba ni baadaye tu ndipo Qwilleran na paka wake walipohamia katika mji mdogo wa kubuni uitwao Pickax. Mwaka 1990 Rita Mae Brown naye alianza mfululizo wake wa mji wa Crozet, jimbo la Virginia, ambamo paka, Mrs. Murphy, anaishi na mwanamke anayesimamia posta ya mji.

Katika kazi hizi paka hafanyi muujiza. Koko huangusha kitabu rafuni au hukazia macho kitu fulani, na ni binadamu anayepaswa kutafsiri. Katika riwaya za Brown wanyama huzungumza wao kwa wao, lakini binadamu hawawasikii. Kwa hiyo paka ni mwenye kujua asiyeweza kusema. Anaingia kila nyumba, haulizwi, wala hana upande katika ugomvi wa watu. Mvuto wake kwa msomaji hutokana na hilo: kwamba katika mji ambamo kila mtu ana siri, yupo kiumbe mmoja aliyeona kila kitu na asiye na sababu ya kudanganya.

3.0 Paka kama Mshukiwa

Tukimhamisha paka huyo hadi Temeke au Kinondoni, maana yake hugeuka. Si kwamba Waswahili hawampendi paka. Methali husema kwamba paka wa nyumba haingwa, yaani aliye wa nyumbani hafukuzwi. Katika fikihi ya Kiislamu mabaki ya paka si najisi, na wengi wetu tulifundishwa utotoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Mchana, basi, paka ni mwana wa nyumba. Usiku hali ni nyingine. Paka mweusi akilia kama mtoto juu ya bati, wapo watakaosema kuwa huyo si paka. Mnyama yuleyule ana hadhi mbili, na linaloamua ni hadhi ipi itumike si sura yake, bali ni uhusiano wa watu waliomo ndani ya nyumba.

Nyumba yenyewe ni muhimu katika hoja hii. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na mtu aweza kudhani kwamba mji wa ukubwa huo hauna mahali pa hadithi ya watu wanaojuana. Lakini sehemu kubwa ya mitaa ya Tandale, Manzese, Mwananyamala, Keko au Mtoni ilijengwa kwa nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kila upande, na ua nyuma wenye jiko, choo na bafu vya wote. Kila chumba huweza kuwa na familia yake. Katika nyumba ya namna hiyo, atokaye usiku husikika, apikaye nyama hujulikana, na deni la mmoja ni habari ya wote. Mabalozi wa nyumba kumi, ambao mfumo wao uliwekwa na TANU katika miaka ya 1960, waliujua mtaa kama Miss Marple alivyokijua kijiji chake. Dar es Salaam, kwa maana hii, ni vijiji vingi vilivyobanana.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kupanga katika nyumba kama hiyo Temeke. Vifaranga walianza kupotea uani, na katika majuma hayohayo mtoto wa mpangaji mmoja akaugua. Chumba cha mwisho alikaa bibi mmoja mjane, aliyekuwa na paka mweusi aliyempenda. Hakuna aliyemtuhumu bibi yule kwa tamko la wazi. Watu waliacha tu kumwachia zamu ya maji, kisha wakaacha kuitikia salamu yake, na mwisho akahama. Baada ya mwezi, fundi aliyekuja kuzibua karo alikuta mashimo ya panya buku chini ya sakafu, na ndani yake manyoya ya vifaranga. Mtoto alikuwa amekwisha kupona kwa dawa za malaria. Hakuna aliyetumwa kwenda kumtaka radhi bibi, wala mwandishi mwenyewe hakwenda.

4.0 Lugha ya Tuhuma

Kisa hicho kidogo kinatupa data ya kiisimu. Tuhuma katika Kiswahili cha mitaani ina sarufi yake, na jambo la kwanza linaloonekana katika sarufi hiyo ni kutoweka kwa mtenda. Husemwa "inasemekana", "nasikia", "wanasema", "eti". Kitenzi inasemekana kina kiambishi cha kutendeka na hakimtaji msemaji. Wanasema kina kiambishi cha nafsi, lakini nafsi yenyewe haijulikani ni ya nani. Neno eti lina uwezo zaidi: humruhusu msemaji kuieneza habari na wakati huohuo kujitenga nayo. Mtu anaweza kuhukumiwa na mtaa mzima pasipo kuwapo hata sentensi moja yenye kiima kinachoweza kuulizwa.

Jambo la pili ni msamiati. Nomino paka na kitenzi paka ni maneno mawili yanayofanana kwa umbo tu, wala hatudai kuwa yana asili moja. Hata hivyo kitenzi hicho kimetupa pakaza na pakazia, na kumpakazia mtu ni kumbandika jambo asilolitenda. Picha iliyomo ni ya uchafu unaopakwa juu ya ngozi kutoka nje; kwa hiyo lugha yenyewe inakiri kwamba tuhuma yaweza kuwa si ya mtu aliyeibeba. Dhidi ya kukiri huko ipo methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mantiki ya methali hiyo, uvumi hauhitaji ushahidi, kwa sababu hata kutokuwapo kwa jambo ni dalili ya kuja kwake.

Jambo la tatu, na kubwa zaidi, ni nahau "pana mkono wa mtu". Kifo cha ghafla kinapotokea, au biashara inapoanguka, mtu husema hapana, hapa pana mkono wa mtu. Kwa maana ya juu, hilo ni tamko ambalo mpelelezi yeyote angelikubali: tukio hili lina aliyelisababisha. Kwa maana ya ndani, mkono huo ni wa uchawi, na mtu huyo ni jirani au ndugu. Hapa ndipo riwaya ya upelelezi inapoingia. Haiikatai nahau hiyo, ila huichukua na kuirudisha katika maana yake ya juu. Ndiyo, mkono wa mtu upo, lakini ni mkono ulioshika kitu, mahali fulani, saa fulani, kwa sababu inayoweza kuelezwa.

5.0 Bwana Msa na Mzimu

Hakuna aliyeifanya kazi hiyo kwa ufasaha kuliko Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akawa mhariri wa gazeti la Mkulima, na kufariki mwaka 1991. Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, na wahakiki wengi wameona kwake athari za Sherlock Holmes. Athari hizo zipo, lakini zisitufiche jambo la msingi. Maiti inapatikana kwenye mzimu, mahali ambapo watu wana maelezo tayari ya kifo chochote. Bwana Msa hana ubishi na imani za watu. Anauliza tu nani alikuwa wapi, na nani alisema nini. Mwishoni mzimu unatoka katika orodha ya washukiwa, na anabaki binadamu. Kichwa cha riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi (1968), nacho kimechukua jina ambalo katika masimulizi ya visiwani ni la nchi ya wachawi.

Mpelelezi wa namna hii, kwa maneno ya kiisimu, ni mtu anayeirudishia sentensi mtenda wake. Anapoambiwa inasemekana, huuliza: amesema nani?

6.0 Riwaya za Dar es Salaam

Riwaya za upelelezi za Bara zilifuata njia nyingine. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), na katika Kikosi cha Kisasi akampeleka hadi Kinshasa. Ben Mtobwa naye akamleta Joram Kiango. Riwaya hizo zina kasi, na katika zama za ukombozi wa Kusini mwa Afrika zilikuwa na wajibu wa kisiasa. Mara nyingi adui hutoka nje: kibaraka, jasusi, kaburu. Msomaji wa Manzese aliyezisoma aliweza kumchukia adui bila kumtazama aliyelala chumba cha pili.

Riwaya tulivu haimpi msomaji nafuu hiyo. Mkosaji wake ni mmoja wetu. Lakini kwa kuwa ni mmoja tu, wengine wote husafika, na ndani ya usafi huo umo utulivu tulioulizia mwanzoni. Msomaji hafurahii kifo. Hufurahia kwamba kikongwe, mgeni, mjane na paka wake wameachiliwa huru.

7.0 Hitimisho

Nchi ambayo bado ina Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1928, na ambayo imeshuhudia akina mama wazee wa Usukumani wakiuawa kwa sababu ya macho mekundu, wekundu ambao moshi wa jikoni unatosha kuueleza, haiwezi kuliona jambo hili kuwa dogo. Wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya vyema kuichunguza riwaya pendwa kwa kipimo hiki: si kama ina falsafa nzito, bali inamtuhumu nani, kwa ushahidi gani, na inamwachilia nani. Na mwandishi chipukizi wa Mbagala au Tandale anayetafuta kisa asihofu kwamba mtaa wake ni mdogo mno. Aanze na paka juu ya bati, na watu kumi waliokwisha kuamua ni wa nani.