Mawimbi na Mkondo Chini ya Bahari

Ninyi mlioko Engutoto mtauliza, "Bahari iko mbali. Yatuhusu nini?" Yatuhusu. Maji ya mto Themi hushuka kutoka Mlima Meru, hupita Arusha, huingia mto Kikuletwa, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto Pangani huyapeleka mpaka Bahari ya Hindi.

Sasa tutazame chini ya bahari. Wimbi tunaliona juu, lakini kazi yake hufika chini. Linapopita, maji huenda mbele na kurudi nyuma. Nguvu hiyo hupungua kadiri maji yanavyozidi kina. Kama kutoka wimbi moja hadi la pili ni mita 40, nguvu hufika kina cha mita 20 hivi. Karibu na pwani kina ni kidogo, kwa hiyo wimbi hugusa mchanga.

Mkondo ni maji yanayokwenda upande mmoja, kama maji ya mfereji wa shamba.

Fikirini watu wawili, mmoja ana jembe, mwingine ana karai. Mwenye jembe akiwa peke yake, udongo hutifuka lakini hauondoki. Mwenye karai akiwa peke yake, ardhi ngumu humshinda. Wakishirikiana, shimo huchimbika upesi. Wimbi ni jembe, mkondo ni karai. Wimbi huinua mchanga. Mkondo huuchukua, hata mkondo wa polepole ambao peke yake usingeinua chembe moja. Tena, vikikutana, nguvu ya kuusugua mchanga huwa kubwa kuliko nguvu zao mbili zikijumlishwa.

Jaribuni mferejini. Maji ya polepole hupita juu ya mchanga bila kuuondoa. Yatikiseni kwa kiganja, mbele na nyuma. Mtaona mchanga unanyanyuka na kwenda zake.

Pwani haipungui ikiwa mchanga unaoondoka unafidiwa na mchanga mwingine unaoletwa na mto. Lakini tangu Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojengwa katika miaka ya 1960, mchanga mwingi wa milimani huzama humo, maana maji yaliyotulia hayabebi mchanga. Kuna sababu nyingine pia, kama kupanda kwa bahari na kukatwa kwa mikoko. Mjini Pangani imebidi kujenga ukuta ili maji yasile ukingo. Ukuta huzuia maji, lakini hauleti mchanga. Kwa hiyo anayechota mchanga ufukoni kwa ajili ya kujengea nyumba yake, anabomoa ukingo unaomlinda jirani.

Sasa jadilianeni darasani:

1. Kwa nini wimbi peke yake halipeleki mchanga mbali?
2. Kwa nini mchanga huzama bwawani?
3. Katika kijiji chenu, mchanga wa kujengea huchotwa wapi, na nani hupata hasara?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.