Je, Wajua? Moyo wa anayetafuta mtoto hupimwa kwa namba

Katika ugumba kuna kipimo kisichohitaji damu wala mashine. Ni dodoso la maswali 16, lililochapishwa Marekani mwaka 2006. Kwa kila swali unajipa alama, 1 hadi 9. Alama 1 ni kutojiamini kabisa. 9 ni kujiamini kikamilifu. Jumla ya juu ni 144.

Maswali yenyewe yanachoma. Unaweza kukaa na rafiki au ndugu mjamzito bila kuumia? Kuhimili hisia zinazopandishwa na kushushwa na dawa za homoni? Kutulia ukisubiri majibu? Kuacha kujilaumu? Unaulizwa hata iwapo bado unaweza kucheka, na ni haki uulizwe. Kinachopimwa hapa si mayai wala mbegu. Ni imani yako kwamba utaimudu safari.

Wazo hilo lilitoka kwa mwanasaikolojia Albert Bandura, mwaka 1977: anayeamini analiweza jambo hulishikilia muda mrefu zaidi. Imani hiyo hujengwa, hasa kwa kufaulu hatua ndogondogo.

Mzigo wa ugumba ni mzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliona kwamba huzuni na wasiwasi wa wanawake wenye ugumba vililingana na vya wagonjwa wa saratani.

Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba maishani. Wanaume wamo katika hesabu hiyo.